Msokoto wa Namba Kumi na Tisa

Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wanawake kumi na mmoja wa stesheni ya reli walijipanga kwenye jukwaa la pili, kofia mkononi, wameinamisha vichwa ili wapimwe nywele. Mama Rula alipita nyuma yao kama alivyopita kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita. Yeye ndiye msimamizi wa sare. Mfukoni alikuwa na mkasi, na mkononi rula yake ya mbao, ile iliyomegeka ncha siku ilipobanwa na mlango wa behewa. Robo inchi nzima ilikuwa imekwenda. Shirika halikuleta nyingine, kwa hiyo kila alichopima alikipunguza robo kimoyomoyo, na stesheni nzima ilijua hivyo. Rula ikisema inchi moja na robo, basi ni inchi moja. Inchi moja ndiyo ilikuwa mwisho wa sheria. Pita, mama.

Kabla hajafika katikati ya mstari, karani wa ajira alikuja na karatasi akaisoma kwa sauti. Ulikuwa waraka mpya, umetiwa saini na Mkurugenzi mwenyewe. Kuanzia siku hiyo nywele za mfanyakazi wa kike ziliruhusiwa kuwa za urefu wowote, za kusuka, za kusokota au za kunyoa, mradi zikiwa ndefu zifungwe nyuma. Kucha ziliruhusiwa rangi, lakini isiyopiga kelele. Sketi au suruali, mtu achague mwenyewe. Wanaume wafuge ndevu wakitaka, ila wazichane.

"Rangi isiyopiga kelele ndiyo ipi?" aliuliza Mama wa Dirisha, aliyekuwa akikata tiketi dirisha la tatu.

"Ile ambayo mumeo hataiona," akajibiwa na wa nyuma yake.

"Mume wangu hata nikipaka uso mzima haoni. Na wewe Mama Rula, sasa utapima nini? Foleni?"

Walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Mama Rula naye alicheka. Lakini alikuwa anafikiria stoo.

Sheria ya zamani ilisema nywele zikikatwa kwenye mstari zisitupwe. Zitiwe kwenye bahasha ya kaki, iandikwe namba ya mfanyakazi na tarehe, iwekwe kwenye kabati la chuma la stoo, ili mwenyewe akikata rufaa ushahidi uwepo. Hakuna aliyewahi kukata rufaa. Bahasha zilijaa droo nne, zimepangwa namba kwa namba, maana Mama Rula hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu.

Saa mbili alipofungua stoo alikuta droo zote nne zimejitokeza nje kiasi cha kiganja. Waraka ulikuwa umefika hadi huko. Bahasha zilikuwa zimevimba kama unga uliotiwa hamira, na nywele zilikuwa zikitoka pembeni, nyeusi, zenye afya. Aliisukuma droo ya kwanza kwa nyonga. Droo ikamsukuma yeye. Haikumsukuma kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu anayesubiri mlangoni na anataka tu ujue kwamba yupo. Mama Rula alifunga stoo kwa kufuli mbili, akaenda kunywa maji.

Kufikia Jumatano nywele zilikuwa zimeanza kurudi kwa wenyewe. Zilipita mchana, zikifuata ukuta, na zilipotaka kuvuka reli zilingoja treni ipite kwanza. Za Mama wa Dirisha ziliingia kwenye kile kitundu cha kioo wakati anagonga mhuri tiketi, zikapanda begani, zikakaa kichwani. Yeye lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba zilikatwa akiwa na miaka ishirini na nne, na sasa hazioani na mvi za chini. Waliostaafu walitumiwa za kwao kwa treni ya mizigo, wakaja kusaini na kuchukua. Bibi mmoja alirudisha zake akidai si zake, akaangalia tena tarehe, akaomba radhi.

Alhamisi kabati lilikuwa tupu, isipokuwa bahasha moja. Namba kumi na tisa.

Mama Rula aliijua kabla hajaigeuza. Miaka kumi na minane nyuma, Kumi na Tisa alikuwa mkaguzi wa tiketi, binti mwembamba wa maneno machache, aliyepaka nywele mafuta ya mgando na kuzigawa upande wa kushoto. Mkurugenzi wa leo, ambaye hakuwahi kuhama ofisi yake ya pale pale, wakati ule alikuwa mkuu wa stesheni. Alikuwa na tabia ya kuwaita wasichana wapya ofisini mmoja mmoja, kuwakagua kama sketi zimekaa sawa, na alikagua kwa mkono wake, mlango umefungwa. Walitoka humo wakiwa kimya, wengine vifungo vimekosea matundu. Kumi na Tisa aliandika barua makao makuu. Wiki iliyofuata mkuu wa stesheni alikuja kwenye mstari asubuhi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama karibu na Mama Rula, akasema, "Huyu mpime vizuri."

Rula ilisema inchi moja na robo. Mama Rula alijua hesabu. Alijua pia kwamba nyumba anayolala ni ya shirika. Akasema kwa sauti, "Inchi moja na robo."

Mstari mzima ulisikia. Kumi na Tisa aligeuka akamwangalia, akasema tu, "Dada, hujapunguza." Kisha alikatwa, akafukuzwa kwa kuvunja sheria ya usafi, na barua yake ikatupwa kwa sababu mwandishi hakuwa tena mfanyakazi. Alihamia na mwanawe kwenye nyumba isiyoisha kujengwa, akapata kifua, na masika ya pili hakuyamaliza. Mtoto alichukuliwa na watu wa upande wa mama, wakaenda naye mbali.

Sasa bahasha ilikaa pale, nyembamba, na nywele zake hazikuwa na pa kwenda. Ilipofika Ijumaa zilikuwa zimejisuka zenyewe msokoto mmoja.

Mama Rula alikuwa akiishi na mjukuu wake, binti wa miaka ishirini na mbili aliyemlea tangu meno ya kwanza. Mjukuu alikuwa ameomba kazi stesheni mara tatu, na mara zote nywele zake, alizokataa kuzikata, zilimkosesha. Safari hii alikuwa amezikata zote, siku nne tu kabla waraka haujatoka. Jumatatu iliyofuata alipokea sare, kofia, na beji ya shaba. Beji ilikuwa na namba kumi na tisa.

Mama Rula alikwenda kwa karani mbiombio, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Mpe namba nyingine huyu mtoto."

"Mama Rula, namba si malimau ya kuchagua sokoni. Iliyo wazi ni hiyo."

"Basi ngoja wiki moja."

"Nikingoja wiki moja kuna mabinti arobaini hapo nje. Unamtaka kazini au humtaki?"

Alimtaka. Alirudi stoo akainua bahasha. Ilikuwa tupu. Saa nne mjukuu alikuja na chai, anatabasamu, na msokoto ulikuwa umeshuka mgongoni hadi kiunoni, unanuka mafuta ya mgando. Mstari wa kugawia nywele ulikuwa upande wa kushoto.

"Bibi, umeona? Zimenipenda."

"Nimeona," alisema Mama Rula.

Msokoto uliongezeka shibiri moja kila siku. Waraka haukusema mwisho ni wapi, kwa hiyo hakuna aliyehoji. Mjukuu alijifunza kuuzungusha mara mbili kiunoni chini ya koti, na fundi cherehani alimpanulia kofia. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila alipopita kwenye varanda mbele ya ofisi ya Mkurugenzi, msokoto ulikaza kama kamba ya mbuzi na kumvuta nyuma.

"Msokoto unaniumiza, bibi. Jana karibu nianguke na tiketi zote."

"Usipite hapo."

"Njia ya chooni ni hapo hapo. Bibi, mbona unatetemeka? Una homa?"

"Sina homa."

"Basi una nini?"

Mama Rula aliinama akaokota kifungo ambacho hakikuwepo. Jioni ile alimsuka upya mjukuu wake, akitumaini kuugeuza mstari uwe katikati. Alisuka taratibu, kitana kikishuka kwa urefu wa chumba, na kila alipofika chini, juu kulikuwa kumerudi kushoto. Mara ya nne vidole vyake vikaona kitu katikati ya msokoto: mapigo, madogo, ya haraka, kama ya kuku aliyeshikwa. Akaacha.

"Kama kazi ingekataa," aliuliza, "ungefanya nini?"

"Kazi haijakataa. Barua yangu ya ajira ya kudumu iko mezani kwa Mkurugenzi, anatia saini wiki hii. Halafu wewe unapumzika, bibi, na nyumba inabaki jina langu. Hatuhami."

Jumatano ya wiki ya tatu ya mjukuu kazini, Mkurugenzi alikuja kwenye mstari. Alikuwa amenenepa, na ndevu zake zilikuwa zimechanwa vizuri kama waraka ulivyotaka. Aliwapongeza wafanyakazi kwa kupokea viwango vipya. Akasema suruali mpya zimefika, na kwamba wasichana wapya watapimwa ofisini kwake, mmoja mmoja, ili ajiridhishe mwenyewe na mikao. Waanzie Kumi na Tisa, kisha Ishirini.

Msokoto wa mjukuu ulijifungua kiunoni ukashuka hadi sakafuni. Ukatambaa nyuma ya mstari mpaka kwenye kiatu cha Mama Rula, ukalala juu yake. Ulikuwa mzito kuliko nywele.

Mama Rula alisikia sauti yake ikisema, ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili:

"Ilikuwa inchi moja. Kumi na Tisa wa zamani. Rula ilisema na robo, sikupunguza. Niliambiwa nisipunguze. Alifukuzwa kwa sababu aliandika barua kuhusu ukaguzi wa ofisini. Ukaguzi kama huu."

Mama wa Dirisha aliangalia kucha zake, ambazo hazikuwa zimepakwa rangi. Wengine walikuwa wamepitia ofisi ile miaka hiyo, na walijua kila neno. Walikuwa wakijua tangu siku ile.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande kwa heshima. Kisha akamgeukia karani.

"Andika kwamba mama amesema. Sheria ya inchi moja tumeshaifuta, kwa hiyo hakuna tena kosa la kujadili. Mama, ahsante. Tunakwenda mbele." Akaangalia saa. "Kumi na Tisa, saa tatu."

Karani aliandika. Mstari ulivunjika, kila mtu akaenda kazini, na treni ya saa moja ikaingia kwa wakati.

"Twende zetu," Mama Rula alimwambia mjukuu wake nyuma ya stoo. "Sasa hivi. Acha beji hapo."

"Twende wapi, bibi?" Mjukuu alikuwa amepauka midomo. "Tulale wapi leo? Niambie mahali, nitaacha beji."

Mama Rula hakuwa na mahali.

Saa tatu kasoro dakika tano walikaa kwenye benchi la varanda, wao wawili na Ishirini, msichana mcheshi aliyekuwa amenyoa kipara kwa sababu waraka ulimruhusu na alichukia joto. Mlango wa ofisi ulikuwa wa mbao nene, lakini chini yake kulikuwa na upenyo wa vidole viwili. Mama Rula alishika ncha ya msokoto akaizungusha mara tatu kwenye kifundo cha mkono wake.

"Ukitaka nije, vuta mara mbili."

"Na nikishindwa kuvuta?"

"Msokoto utavuta wenyewe."

Mjukuu aliingia. Msokoto ukamfuata hatua kwa hatua kupitia upenyo, ukabaki umenyooka sakafuni kati ya mlango na benchi. Ishirini aliuruka kwa uangalifu alipokwenda kunywa maji, asiukanyage. Mhudumu wa usafi alipita, akauinua kwa fimbo ya ufagio, akapiga deki chini yake, akaurudisha.

Saa tatu na dakika nane ulikaza. Ukavutwa mara moja. Kisha mara mbili, tatu, nne, bila kuhesabu.

Mama Rula hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu mno, futi ya kupimia nguo shingoni, na mjukuu alikuwa ameegemea kabati, koti limefunguliwa vifungo viwili. Msokoto ulikuwa umejizungusha kwenye mkono wa mwanamume yule kuanzia kiganja hadi kiwiko, umekaza, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vya buluu. Hakuonekana kushangaa. Alikuwa akijaribu kuufungua kwa mkono mwingine, kwa uvumilivu, kama mtu anayefungua fundo la kamba ya kiatu.

"Nimemaliza naye," alisema. "Saizi yake ni thelathini na mbili."

Msokoto ulilegea. Mjukuu alitoka akipita chini ya mkono wa bibi yake, akaketi kwenye benchi, akaanza kufunga vifungo, na havikuingia.

Mkurugenzi alijisugua mkono, akatokeza kichwa varandani.

"Ishirini."

Ishirini alisimama. Alimwangalia Mama Rula, akamwangalia mjukuu, kicheko chote kimemwisha usoni, akapitisha kiganja kwenye kipara chake. Beji yake ilikuwa mpya na barua yake ilikuwa kwenye meza ile ile. Aliingia. Mlango ukafungwa, safari hii kwa komeo.

Ncha ya msokoto ikajifungua kwenye kifundo cha Mama Rula. Ikashuka sakafuni, ikatambaa, ikaingia chini ya mlango. Mjukuu aliinama mbele ili usimuume kichwa. Mama Rula akashika katikati yake kwa mikono miwili, akaulegeza kidogo kidogo ili ufike kwa Ishirini, na wakakaa hivyo, wakingoja uvutwe.