Waya Chini ya Geti

Daktari wa meno hakumficha kitu. Alimtembeza Dada kuzunguka kigari chake cha umeme, buluu iliyoanza kupauka paani, akamfungulia kidirisha cha mbele panapochomekwa plagi, kisha akasema wazi, kama anavyosema akiwa na koleo mkononi: "Gari ni zima. Betri imepungua kidogo, lakini kwa safari zako inatosha. Ila kama huna pa kulichaji nyumbani, usilichukue. Gari la umeme bila soketi yako mwenyewe ni kufuga ng'ombe ghorofani."

"Soketi ninayo," akajibu Dada.

"Wapi? Si unakaa ghorofa ya kwanza, na gari litalala barabarani?"

"Kwa mdogo wangu. Kwake ni kwangu."

Daktari akakifunga kile kidirisha cha mbele. Akampa ufunguo. "Basi kaa nalo wiki hii, ulijaribu. Ukiridhika tutaandikishana kabla sijahama."

Sasa huyu Dada, jina hilo hakulipata bure. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na mdogo wao wa mwisho alikuwa bado anatambaa. Akambeba mgongoni huku akikanyaga cherehani. Akamlisha, akamwogesha, akamshonea kaptula za shule kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, akampigania kwa walimu na kwa watoto wa jirani. Mtaa mzima ukaanza kumwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Na yule mdogo, waliyemwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba, leo ana kitambi, ana ofisi, ana mke na watoto, ana nyumba yenye ukuta na geti la chuma. Kila penye watu humshika Dada bega na kutangaza, "Huyu ndiye mama yangu." Wewe ungefanyaje ukiambiwa neno kama hilo mbele za watu, mwaka nenda mwaka rudi? Ungeliamini. Naye aliliamini.

Gari lenyewe lilikuwa kwa ajili ya mumewe. Wanamwita Nahodha, ingawa meli hajawahi kuipanda. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya kiwandani, mtu wa kupiga kelele uwanjani mpaka refa anaomba radhi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na ulimi ukawa mzito. Mtaalamu wa mazoezi alisema mguu ule unaweza kurudi, mradi aletwe bila kukosa. Akawa anapelekwa kwa teksi, na mguu ukaanza kuitika, mpaka siku dereva mmoja alipotandika gazeti kwenye kiti kabla ya kumkalisha, asije akakidondoshea mate. Nahodha alilikalia lile gazeti kwenda na kurudi. Tangu hapo, teksi ikija, hashuki ngazi. Umbembeleze, ugombe, ulie, hashuki ng'o.

Kwa hiyo Dada alilitaka gari lile kufa na kupona. Kuendesha alijua, maana miaka mingi alisambaza sare za shule kwa gari la bosi wake. Bei waliiafiki. Kilichobaki ni pa kulichaji. Mwenye nyumba alisema hakuna waya utakaotoka dirishani kwake kwenda barabarani, watu wajikwae wamshtaki yeye. Kliniki ya mazoezi walisema soketi zao ni za mashine. Kituo cha kuchajia kipo, lakini ni upande wa pili wa mji, na foleni yake inameza siku nzima. Angemwacha Nahodha na nani?

Ndipo Jumapili moja, kabla hajapewa ule ufunguo, wakiwa mezani kwa Kitinda, akamwambia shida yake.

"Ah, Dada! Hilo nalo ni la kuomba?" Kitinda akaruka. "Soketi si ile pale nje, kwenye kibaraza? Lete gari hata saa hii!"

Wifi yake, mke wa Kitinda, alikuwa anakusanya sahani. Hakusema kitu. Na Dada hakumtazama, maana tangu lini mtu akizungumza na mwanawe akamtazama anayeosha vyombo?

Sasa lazima ujue desturi ya ile familia. Marehemu mama yao aliwakataza kumwambia ndugu hapana. Kuomba chumvi, kuomba nauli, kuomba kulala, jibu ni ndiyo. Ni jambo zuri sana, usinielewe vibaya. Lakini watoto wakishakatazwa kusema hapana, wanajifunza kusema ndiyo ya kila aina: kuna ndiyo ya kweli, kuna ndiyo ya tutaona, kuna ndiyo ya Mungu akipenda, na kuna ndiyo ya niondokee. Dada alizijua zote. Kwa watu baki alizitumia mwenyewe kila siku. Kwa Kitinda tu ndiko masikio yake yalikoziba.

Siku ya kwanza alilipeleka gari jioni, akalichomeka. Soketi ya kawaida ni ya kusubiri. Gari lilale pale, kesho ndipo ulifuate. Je, angechomeka akageuka kurudi kama fundi bomba? Hata! Aliingia ndani. Akapita jikoni, akafunua sufuria, akaonja. "Wifi, mboga hii umeitia chumvi au umeikumbusha tu?" Akamkuta mtoto amevaa sweta iliyofumuka, akamvua, akaomba sindano, akaishona palepale huku akiuliza watu wa nyumba hii wanatazama nini siku nzima. Asubuhi alirudi kufuata gari wakiwa bado na nguo za kulalia. Alibisha hodi akiwa tayari sebuleni.

Mara ya pili alikuta wageni, wenzake Kitinda wa ofisini, pamoja na bosi wao. Dada alifurahi, akakaa katikati yao. Akawasimulia jinsi huyu mheshimiwa wao alivyokuwa akikojoa kitandani hadi akiwa kijana wa kuota ndevu, na jinsi yeye, Dada, alivyokuwa akianika godoro nyuma ya nyumba alfajiri, watoto wa jirani wasije wakaliona. Wageni walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kitinda naye alicheka, lakini kicheko cha meno tu. Dada hakuona tofauti. Alilala usingizi mzuri siku ile, kwa jinsi alivyojiona ana watu.

Na kweli mambo yalikuwa yanakwenda. Nahodha alikaa kiti cha mbele kama mtu na akili zake. Alijifunga mkanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akahangaika nao weee mpaka ukaingia, na hakuna aliyempigia honi wala kutazama saa. Kliniki alishika fito mbili za chuma za kujifunzia kutembea, akatoa hatua, akatoa nyingine. Jasho lilimtoka utadhani kacheza fainali. Waliporudi garini alipapasa dashibodi kwa mkono wake mzima, akasema, "Zuri." Neno moja tu. Dada alilia njia nzima, akisingizia vumbi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada angekwambia yeye si mgeni. Siku hiyo ya tatu walitoka mazoezini moja kwa moja, maana chaji ilikuwa imekaribia kwisha, wakaenda kwa Kitinda, Nahodha akiwa garini. Geti limefungwa. Dada akapiga honi, kimya. Akashuka, akagonga kwa kiganja, kimya. Akapiga simu.

"Dada yangu!" Kitinda akapokea. "Aisee, ile soketi imeleta shida. Imeungua. Fundi anakuja kesho, au keshokutwa."

"Wewe uko wapi?"

"Kazini, Dada. Nimebanwa kweli."

Sauti ile ilimfikia Dada mara mbili. Sikio moja lilisikia kwenye simu, na jingine likaisikia ikipita juu ya ukuta, kutoka dirisha la choo.

Alibaki ameishika simu. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa, akatoka wifi yake, anafuta mikono kwenye nguo.

"Wifi, shikamoo," akasema. "Soketi ni nzima. Mdogo wako yupo chooni na simu yake. Nimemwomba aje akwambie mwenyewe, hawezi. Kwenu hamjui kukataa. Mimi kwetu tunajua, basi nitasema mimi."

"Mnaninyima umeme?" Dada akauliza. "Mimi?"

"Umeme? Umeme chukua, wifi. Umeme si kitu. Ni wewe." Akashika ukingo wa mlango. "Umekuja mara mbili, na mara zote mbili umeninyang'anya nyumba yangu. Sufuria yangu, mtoto wangu, asubuhi yangu. Na unajua huko ofisini wanamwitaje mume wangu sasa? Godoro. Bosi wake anamwita Godoro mbele ya wahudumu."

"Nimemlea yule!"

"Umemlea, na hatujakataa. Lakini mpaka lini?"

Tenda wema nenda zako, ndivyo tunavyoambiwa. Dada alitenda wema kuliko wengi wetu, lakini kwenda zake ndiko kulikomshinda. Na ninakasirika nikisema hivyo, kwa sababu nani kati yetu angekwenda? Umbebe mtu mgongoni, umtolee tonge mdomoni mwako, halafu akue akuzibie geti kwa mdomo wa mkewe, naye kajificha chooni! Aibu gani hii, jamani? Lakini yule mke hakuwa mbaya. Natamani angekuwa mbaya.

Maana alinyoosha mkono ndani ya geti, akatoa waya. Mpya, mrefu, wa rangi ya chungwa, bado una plastiki ya dukani. "Nimenunua huu mwenyewe," akasema. "Utapita chini ya geti. Gari egesha hapa hapa nje, mlinzi wa jirani nimeshasema naye, ataliangalia. Chomeka, chomoa, wakati wowote, hata miaka kumi. Ndani karibu ukialikwa. Shemeji atafika kwenye mazoezi yake, na mimi nitakuwa na nyumba yangu."

Akarudi ndani, akainama, akaupitisha chini ya geti. Soketi ya mwisho wake ikatokea nje, ikalala kwenye changarawe mbele ya viatu vya Dada.

Dada aliitazama. Chini ya geti hupitishwa nini? Makombo ya mbwa. Maji ya kudekia. Aliisukuma kwa ncha ya kiatu, ikarudi ilikotoka.

"Mwambie atoke chooni," akasema. "Mwambie Dada ameondoka."

Akaingia garini, akabamiza mlango. Nahodha alikuwa amefungua dirisha na alisikia yote. Alimgeukia, mdomo ukaanza kutafuta neno. "Mi... mi..."

"Usijisumbue," Dada akamkatisha, analiondoa gari. "Najua unachotaka kusema. Hata mimi nimeudhika."

Kwa chaji iliyobaki walifika kwa daktari wa meno. Dada akamrudishia ufunguo.

"Vipi, limekusumbua?"

"Betri," akasema Dada. "Imechoka kuliko ulivyosema."

Daktari akashtuka. Ilimuuma, ungeona usoni, kwa kuwa aliipima mwenyewe na hakudanganya. Aliomba radhi, akalichaji kidogo, kisha yeye mwenyewe, mama wa watu, akawarudisha nyumbani kwa gari lilelile. Nahodha alikaa nyuma akiangalia mikono yake.

Siku mbili hasira ilichemka. Siku ya tatu ilitua, na alfajiri yake Dada akampigia daktari. Alikuwa amejiandaa kusema labda ni yeye mwenyewe aliyekosea kuhusu ile betri. Gari limeshachukuliwa, akaambiwa, na mtu mwenye uwanja na soketi mbili.

Akakata simu, akaenda chumbani kumnyoosha Nahodha mguu, kama alivyoelekezwa. Mguu ulikuwa umekaza tena. Akausugua huku anasema, maana kunyamaza hakuweza: "Na bora limekwenda. Kila siku tungekuwa pale nje ya geti, tumechutama kama ombaomba. Mimi sikubali mume wangu adharauliwe. Nimefanya vile kwa ajili yako. Unanisikia? Kwa ajili yako."

Nahodha alikuwa anamtazama. Aliyakusanya maneno polepole, moja moja, kama mtu anayeokota shanga kwa mkono asiouzoea.

"Mguu," akasema. "Wa nani?"

"Wako, baba. Mguu wako."

"Ule waya." Akapumzika. Akameza mate, akaanza upya. "Mimi... ningechomeka."

Mikono ya Dada ikasimama juu ya goti lake.

"Hukuniuliza," akasema Nahodha, na hilo lilitoka zima, bila kukwama popote. Kisha akaomba maji, na Dada akaenda kumletea.