Mama Oduol Amekonda

Adhiambo alipokuwa bado analima mihogo Susuni, alikuwa mwembamba kama wanawake wengine wa kijiji. Kisha mumewe, Okinyi, akaenda Nyamongo kuchimba dhahabu. Duara lake, yaani shimo walilokuwa wakilichimba yeye na wenzake, lilikaa muda mrefu bila kutoa kitu, halafu likatema dhahabu. Akamwita mkewe na mtoto wao Oduol, akamjengea Adhiambo hoteli ya mabati kando ya njia ya kwenda mashimoni.

Hoteli ile ilijaa tangu siku ya kwanza. Wachimbaji walikula kama watu wasio na hakika ya kuliona jua la kesho. Adhiambo alikaa jikoni kutwa nzima, akionja mchuzi, akimalizia chapati zilizoungua pembeni, akinywa chai yenye sukari nyingi kila mteja anapokunywa. Maji aliletewa na mwenye punda. Kuni aliletewa mlangoni. Mwili wake ukaongezeka, na watu wakaufurahia.

"Dhahabu imemkubali Mama Oduol," walisema, na Okinyi akatembea kifua mbele.

Hakuna aliyejua kwamba usiku alikuwa anaamka mara nyingi kunywa maji, wala kwamba nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Walijua siku alipoanguka mbele ya jiko na sufuria ya maharage ikamwagika kando yake. Okinyi alimpeleka hospitali Tarime.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimwambia ana sukari na presha imepanda.

"Chakula ni kama kuni, mama," alisema. "Mwili unazichoma unapofanya kazi. Sisi nguvu ile iliyomo kwenye chakula tunaiita kalori. Wewe unaingiza kuni kila saa na moto huwashi. Zinarundikana. Punguza mafuta na sukari, utembee mpaka jasho litoke. Kila siku."

"Mimi nimetembea maisha yangu yote, daktari."

"Na sasa umeacha."

Adhiambo alinunua raba sokoni, na kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, akashika njia ya kupanda mlimani. Hakufika mbali. Pale wanawake walipokuwa wanaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, pumzi ilimwishia, akashika magoti. Wale wanawake wakacheka.

"Mama tajiri, umepotea njia?" mmoja aliuliza.

"Natafuta jasho," Adhiambo alijibu akihema. Wakacheka zaidi, naye akacheka nao.

Hakuacha. Alimwambia mwenye punda asilete maji tena, akawa anachota mwenyewe kwa ndoo. Chai akanywa bila sukari, akikunja uso kama anakunywa dawa. Polepole alivuka mahali pa kupondea mawe, akafika kwenye jiwe kubwa la katikati ya mlima, na baadaye akafika juu kabisa, mahali unapouona Mto Mara ukipinda kuelekea magharibi. Ganzi ikapungua. Akawa analala usingizi mzima. Magauni yakaanza kumpwaya.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Miaka ile, mtu akikonda machimboni, watu hawakuuliza kama anafanya mazoezi. Walikuwa wamezika wenzao wengi waliokonda. Mteja mmoja akahama, wa pili akahama, na siku moja Adhiambo akamkuta Mogesi, mchimbaji aliyekula kwake tangu hoteli ijengwe, anakula ugali kwenye kibanda cha jirani.

"Mogesi, nimekukosea nini?"

Mogesi aliacha kutafuna. "Hujanikosea, mama. Lakini watu wanasema. Na wewe mwenyewe unajiona."

"Najiona nimepona."

Mogesi aliinamia sahani yake, akamega tonge jingine.

Jioni hiyo Okinyi alimkalisha chini. Hakuwa mtu mbaya, ila maneno ya watu yalimchoma.

"Wanasema sikulishi. Wengine wanasema mabaya zaidi. Rudisha mwili kidogo tu, Adhiambo, wanyamaze."

"Okinyi, unataka mke mnene kaburini?"

Okinyi hakulirudia ombi lile. Lakini kwa siku kadhaa hakula naye sahani moja, na hilo lilimuuma Adhiambo kuliko wateja wote waliohama.

Asubuhi moja, alipokuwa anapita kwa waponda mawe, mwanamke mmoja aliweka nyundo chini, akamfuata mpaka mahali wasipoweza kusikiwa. Aliitwa Boke, mjane kutoka Ringwani, upande wa Serengeti. Mumewe alikuwa amekufa kwa kukohoa, na sasa khanga ilimning'inia mabegani kama imetundikwa kwenye mti.

"Mama Oduol," alisema kwa sauti ya chini, "wewe walikupima wapi?"

"Tarime."

Boke akashusha pumzi. Machozi yakamlenga. "Na mimi Tarime. Nilidhani niko peke yangu hapa."

Adhiambo alielewa. Ilikuwa vigumu kumnyang'anya mtu faraja kama ile, lakini uongo nao hakuuweza.

"Boke, mimi nina sukari. Si ule ugonjwa."

Boke aliziba mdomo kwa mkono. "Nisamehe. Nisamehe, dada. Tafadhali usimwambie mtu." Akageuka aondoke haraka.

"Boke!" Adhiambo alimwita. "Kesho nitapita hapa. Tutembee pamoja."

"Watu watakuona na mimi."

"Watu wameshanizika. Njoo."

Boke alikuja. Mwanzoni walitembea polepole, Adhiambo akipunguza hatua ili amngoje, hadi Boke mwenyewe akakataa. "Daktari wako alisema jasho. Hivi hutatoka jasho. Mimi nitakaa kwenye jiwe hili, wewe panda."

Ikawa hivyo. Boke alikaa kwenye jiwe la katikati ya mlima akiwa amejifunika khanga, na Adhiambo akipunguza mwendo tu, sauti ilimfuata kutoka chini: "Panda, mama! Bado hujatoka jasho! Unatembea kama bibi harusi!" Adhiambo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akishuka, walikunywa pamoja uji wa wimbi aliokuwa anaubeba kwenye chupa ya chai, na Boke alimsimulia kuhusu mama yake, kuhusu mtama wa Ringwani, kuhusu ng'ombe mmoja mkaidi aliyekuwa akimchunga utotoni. Hawakuongea sana juu ya ugonjwa. Dawa zilikuwa hazijafika kwa watu kama wao, na wote wawili walilijua hilo.

Hoteli ilibaki karibu tupu. Okinyi aliona, akasikia, akaendelea kwenda shimoni.

Mvua za masika zilipoanza, Boke hakuonekana siku moja. Kesho yake pia hakuonekana. Adhiambo akaenda kwenye chumba alichopanga. Alikuta mwenye nyumba ametoa godoro nje, linalowa, na Boke amekaa juu yake, anatetemeka.

"Mchukueni," mwenye nyumba alisema. "Mimi nina wapangaji wengine."

Hakukuwa na mtu wa kumchukua. Adhiambo aliinama, akafunga khanga kiunoni, akasema, "Panda mgongoni."

"Utaanguka, mama."

"Umenipandisha mlima siku zote hizi kwa kelele zako. Panda."

Akambeba kama mtoto, akapita naye katikati ya kambi, kwenye tope, mbele ya vibanda vilivyojaa wachimbaji waliokuwa wamejikinga mvua. Mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyetoka kusaidia. Tope lilimvuta Adhiambo miguu, lakini pumzi haikumwishia. Alikuwa amekaribia hoteli alipomwona Okinyi anakuja anakimbia kwenye mvua. Alidhani anakuja kumgombeza. Okinyi alimpokea Boke mikononi, akaingia naye ndani, akamlaza kwenye kitanda chao.

"Washa moto," alimwambia mkewe. "Huyu anasikia baridi."

Boke alikaa kwao mpaka mvua zilipopungua. Halafu akasema anataka kwenda kwa mama yake. Okinyi alitafuta gari, na asubuhi ya safari, Mogesi alitokea akiwa na blanketi jipya limekunjwa kwapani. Alilitandika kwenye kiti cha nyuma, akamsaidia Boke kuingia, akamwambia, "Safari njema, dada." Kisha akaingia hotelini, akaagiza chai na chapati mbili.

Boke alifariki wakati wa mavuno. Adhiambo na Okinyi walikwenda Ringwani kuzika. Mama yake, kikongwe aliyeinama, alishikilia mikono ya Adhiambo kwa muda mrefu. Adhiambo akampa shikamoo akilia.

"Marahaba, mwanangu. Alituambia kuna mama mnene ambaye yeye alikuwa anampigia kelele apande mlima," bibi alisema, akimtazama juu mpaka chini. "Wewe mbona si mnene?"

Adhiambo alicheka huku machozi yanatiririka, na waombolezaji waliokuwa karibu wakashangaa.

Wateja walirudi polepole, si wote. Wengi waliamini alipokaa mwaka, na mwingine, na bado anapiga chapati akiwa na afya yake. Sukari haikumwisha, ila ilitulia, na daktari wa Tarime akampunguzia vidonge. Okinyi naye alikuwa ameota kitambi kikubwa. Jumapili, baada ya misa, Adhiambo alimvuta wapande pamoja, naye akalalamika njia nzima kwamba viatu vinambana, jua ni kali, na huo mlima kwani una nini.

"Panda," Adhiambo alimwambia. "Bado hujatoka jasho."