Sweta ya Kijani

Siku ya kila mtu kuvaa sweta ya chuo alichochagua, Maren alifika shuleni na ya kijani, ya chuo cha Ohio. Yeye na shoga yake Corinne walikuwa wameahidiana kwenda huko pamoja kusomea maigizo ya kuimba. Kwa ajili hiyo Maren aliikataa nafasi ya chuo cha New York, kilichomwambia Corinne asubiri hadi mtu ajitoe.

Corinne akatokea na sweta nyekundu ya New York.

"Usininunie, shosti. Kuna mtu alijitoa."

"Mtu huyo ni mimi, Cori!"

"Si ulikataa mwenyewe?"

"Baada ya wewe kunibembeleza!"

Corinne akainua simu. "Njoo tupige picha."

Maren akasogea, akatabasamu. Jukwaa lilikuwa limemfundisha kutolia kabla pazia halijafungwa.