Yote Ni Yangu

Tahir Barisa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kusifiwa. Ukimtoa huo, alikuwa kijana mwema: hakutukana watu, hakupitwa sana na swala, na mama yake akimtuma Garsen alirudi na alichotumwa. Lakini mwambie tu, "Tahir, wewe ni fundi," na umemmaliza. Siku hiyo hahitaji chakula.

Na ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Kulikuwa na mchezo wa kompyuta wa kigeni ambao vijana wa Garsen waliuita Masafa, kwa sababu kazi yako humo ni kuendesha lori masafa marefu mpaka kiuno kikuume. Waliouunda walikuwa watu watatu wa ng'ambo, wapole, na waliwaachia wachezaji wajiongezee mambo yao wenyewe: magari, barabara, miji. Nyongeza hizo vijana huziita modi. Tahir na rafiki yake Jilo, Mpokomo wa Kulesa, waliketi katika saiba, chumba cha kompyuta za kukodi cha dada mmoja aitwaye Hanan, wakaiingiza Tana nzima ndani ya mchezo. Tahir alichora barabara kutoka Hola, malori ya ng'ombe, na malka, zile njia ambazo mifugo hupita katikati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Hanan alirekodi sauti za mbuzi, za makanga wa stendi na za adhana. Jilo alichora mto na kijiji chake.

Hiyo Kulesa ya Jilo ilikuwa jambo jingine. Mafuriko yalikuwa yameibeba nyumba ya mama yake, Kabibi, pamoja na miembe na ghala la mpunga, na wao wakaishi hemani mpaka walipojenga upya mbali na maji. Jilo aliijenga ile nyumba ya zamani ndani ya mchezo, ukuta kwa ukuta, kwa kukumbuka. Mama Kabibi akija Garsen siku ya soko alikuwa akiingia kwa Hanan na kikapu chake, anaketi, na Jilo anamwendeshea lori polepole hadi mlangoni pake. Anatazama kwanza, halafu anasema, "Dirisha hilo lilikuwa chini kidogo," na Jilo analishusha. Madereva wa kweli wa Mombasa na watoto wa Garsen walioko Doha, wote walipita mbele ya dirisha lile wakapiga honi.

Kisha wale watatu wakauza mchezo wao kwa kampuni kubwa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji wakaanza kuugua. Tangazo lake la kwanza lilisema kila modi lazima iwe na mwenyewe mmoja, na isiyo na mwenyewe itaondolewa. Wachezaji wa pande zote walilalamika, na wengine wakafuta kazi zao kwa hasira wakajiendea. Tahir hakwenda popote. Alikuwa ameandikiwa kwamba kampuni imeipenda ramani ya Tana na inataka kuongea naye, kwa kuwa akaunti iliyoipakia ilikuwa yake.

Waliongea kwa video mchana mmoja, saiba ikiwa tupu na Jilo yuko Kulesa anapanda mpunga. Bibi wa kampuni, mwenye sauti laini na tabasamu la kazini, alimwuliza, "Kazi hii yote ni yako?"

Hapa lazima mtu awajue wafugaji wa Tana. Mwenye kundi hachungi ng'ombe wake peke yao. Kundini mna wa shemeji, wa jirani, na wa Mpokomo wa mtoni ambaye hana malisho. Lakini mgeni akiuliza ng'ombe hawa ni wa nani, jibu ni moja: wangu. Kuanza kumchambulia mgeni kwamba huyu wa fulani na yule wa fulani ni kukosa adabu, tena ni kumwonyesha mwenye nia mbaya pa kuanzia. Tahir alilisikia jibu hilo kwa baba yake tangu hajaota meno.

"Ndiyo," akasema. "Yote ni yangu."

Akabofya alipoambiwa abofye. Haukupita muda, kando ya jina lake pakawekwa alama ya dhahabu, na chini ya ramani pakabaki jina moja tu. Pale stendi vijana walimwita fundi, bosi, mheshimiwa. Wallahi, alinenepa. Moyoni kulikuwa na kijisauti kikimwambia amweleze Jilo, naye akakijibu kwamba watu wa karibu hawaelezani vitu vidogo.

Jilo akaja mwenyewe, miguu ingali na matope ya shamba.

"Msee, hawa watu wamenifungia akaunti," alisema. "Nilitaka kuongeza jiko la matha, wakakataa. Eti ile nyumba ni ya mtu mwingine, mimi nimeiba."

"Mtu gani?" Tahir aliuliza, kana kwamba hajui.

"Wameandika ni wewe." Jilo alicheka. "Kompyuta yao imechanganyikiwa. Si uwaandikie? Wewe wanakusikiza."

Kicheko kile kilimchoma. Angekuja na hasira, Tahir angepata la kujitetea nalo. Lakini mtu anayekuamini hivyo utamjibu nini? "Nitawaandikia leo," alisema.

Hakuandika. Alisingizia mtandao, akasingizia umeme, akasingizia kazi za nyumbani ambazo hakuna aliyewahi kumwona akizifanya. Kwenye ukumbi wa wachezaji mtandaoni, watu walikuwa wameshalipata jina la Jilo. Kijana mmoja wa Doha, yule yule aliyewahi kuusifu mto wa Jilo, aliandika kwamba mwizi wa jasho la rafiki ni mbaya kuliko mwizi wa kuku. Wengine wakaongeza chumvi. Tahir alisoma yote. Aliandika sentensi moja ya kumtetea, akaitazama, akaifuta. Aliona haya kusema kweli, halafu akaona haya kwa kuwa ameona haya, na kadiri alivyonyamaza ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito mdomoni. Jilo akipiga simu, aliiacha iite mpaka ichoke.

Hanan ndiye aliyemkabili. Alikuwa ameipangusa meza yake, akasimama mbele ya Tahir na kitambaa mkononi.

"Sauti zangu pia ziko chini ya jina lako," alisema. "Mimi sina shida na hilo, nitarekodi zingine. Lakini Jilo anatukanwa, na wewe unajua ni kwa nini. Usikae hapa kwangu ukijifanya hamnazo."

Tahir akatoka bila kuaga. Alikwenda nyumbani kwa baba yake, ambaye wakati huo alikuwa zizini, bomba la dawa ya kupe mgongoni, akiwanyunyizia ng'ombe na kuwatukana wasiotulia. Akamweleza kila kitu akimfuata nyuma kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, na mwisho akaiweka ngao yake mbele.

"Aba, mimi nilisema vile unavyosema wewe. Mgeni ameuliza, nikajibu ni yangu."

Mzee Barisa hakuacha kupiga pampu. "Mimi nikisema wangu, ni ili mgeni asimchukue. Wewe ulisema yako, mgeni akachukua."

"Sikujua kama atachukua."

"Na mwenyewe akija, mimi namwambia, ng'ombe wako huyu hapa, na ndama wake yule. Jilo alipokuja ulimwambia nini?"

Tahir aliangalia chini. "Nilimwambia nitaandika."

"Basi usiniingize mimi katika uongo wako," mzee alisema. "Sogea, dawa itakuingia machoni."

Hiyo ngao ilivunjika pale pale zizini, na chini yake hakukuwa na kitu ila tamaa ya kuitwa fundi. Tahir aliandika siku hiyo hiyo. Alisema nyumba ya Kulesa na mto ni kazi ya Jilo, na kwamba yeye alidanganya. Kampuni ilijibu upesi, kwa adabu tele. Kazi yenye mgogoro huondolewa yote. Akithibitisha maneno yake, Jilo atafunguliwa akaunti na tuhuma itafutwa mbele ya wachezaji wote, lakini ramani ya Tana itaondoka, na mchezo hautaifungua tena hata kwa aliye na nakala. Akiyaondoa maneno yake, mambo yatabaki yalivyo.

Safari hii hakujibu peke yake. Alichukua bodaboda hadi Kulesa, kompyuta mpakato kifuani ameikumbatia, na njia nzima alimwomba Mungu asimkute mama yake Jilo. Alimkuta mama. Alikuwa uani anapepeta mchele, na Jilo kando yake ananoa jembe.

"Karibu mwanangu, umepotea sana," Mama Kabibi alisema, macho yake tayari yako kwenye kompyuta. "Umeniletea nyumba yangu?"

Tahir alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliifungua kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwendeshea lori hadi mlangoni kama Jilo alivyokuwa akifanya, akaliegesha. Mama akajifuta mikono na kuinama kutazama. Hapo Tahir akasema, kwa sababu alijua asiposema wakati ule hatasema tena.

"Mama, kompyuta yao haikukosea. Mimi ndiye niliyesema nyumba hii ni yangu. Jilo aliponiuliza nilijua, nikanyamaza. Wakamtukana, nikasoma, nikanyamaza."

Jilo aliacha kunoa. Hakuinua uso. Tahir akaendelea mpaka mwisho, akaeleza ilichosema kampuni, kipi kitabaki na kipi kitaondoka.

Jilo ndiye aliyesema kwanza, akiongea na jembe.

"Iache tu ibaki. Mimi nishazoea. Matha ataangalia wapi?"

Mama Kabibi alikuwa bado ameinama mbele ya dirisha lake. Aliliangalia kana kwamba anahakikisha limefungwa vizuri, kisha akanyooka, mkono kiunoni.

"Mto ulichukua nyumba yangu," alisema, "lakini mto haukusema mwanangu ni mwizi. Waandikie waifute."

Tahir akaandika hapo hapo, wote wawili wakimtazama. Alipotuma, nyumba ilikuwa ingali inaonekana kwenye kioo, lakini mama hakungoja kuiona ikiondoka. Alikwenda jikoni akapakua wali na kambare, akamnawisha mikono kama alivyomnawisha siku zote. Tahir alikula. Kukataa kungekuwa tusi la pili.

Jilo alimsindikiza hadi barabarani. Tahir alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba radhi, na aliyasema yote, tena vizuri, kama mtu anayetaka kusifiwa kwa hilo pia. Jilo aliyasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Bodaboda iliposimama, akampa mkono.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Msalimie mzee."

Miaka yote Tahir aliingia na kutoka kwa kina Jilo, na hakuna aliyewahi kumshukuru kwa kutembelea. Wanaoshukuriwa hivyo ni wageni.