Bastola Isiyouzwa

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa maonyesho ya mifugo wa Carrick, Ohio, Orpha Klinedinst alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza ya kukodi aliyoachiwa na baba yake, akapanga bunduki zake. Mlangoni askari alikuwa ameshapitisha kamba ya plastiki katika kila moja, isiweze kufyatuka. Kando ya bastola ndogo alisimama binti mwenye jezi ya mpira wa kikapu. Bastola hiyo ndiyo iliyomuua. Orpha aliinunua Jumanne pamoja na nyingine, naye binti akaja nayo. Orpha alimpa kiti.

Zamani watu walikuja hapa na bunduki za kuwindia kulungu, wakabishana nusu siku juu ya kitako kimoja cha mti wa jozi. Muuzaji aliuliza, "Unawinda nini?" na asiporidhika na jibu hakuuza. Sasa kulikuwa na nyama kavu, fulana, na bunduki nyeusi za plastiki kwa mamia. Aliyekuwa bado akiuliza swali hilo ni Orpha peke yake.

Gene Fetterhoff, mwandaaji wa maonyesho hayo ya bunduki, alifika na kikombe cha kahawa.

"Bi Orpha, huyu mtoto anafukuza wateja. Mfunike shuka basi."

"Kamfunike mama yako."

"Basi iuze hiyo bastola, aondoke nayo. Ikifika saa sita bado ipo, meza nampa muuza nyama."

"We Gene, nimekufuta kamasi humu humu ukumbini. Usinipangie."

Kijana mmoja aliinua ile bastola ndogo.

"Unawinda nini?"

"Kwani we polisi, bibi? Siwindi kitu. Kuna mtu nataka aniheshimu."

"Haiuzwi."

Kijana alihamia meza ya pili. Huko aliulizwa kama anataka mfuko. Marehemu aliyeuawa kwa bastola aliyoichagua huko, mzee mrefu, alivaa kofia yake, akamfuata hadi kwenye gari, akakaa kiti cha mbele.

Saa sita nyama kavu ilipangwa mezani. Orpha alitandika kitambaa sakafuni, katikati ya njia, akaketi, binti ubavuni pake.

"Utakanyagwa!" Fetterhoff alisema.

"Wanyanyue miguu."

Wanunuzi walinyanyua miguu, wakapita, wakanunua. Ilikuwa siku nzuri ya biashara. Marehemu walipita nyuma yao, na Orpha akamuuliza kila mmoja jina lake, akalirudia kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.