Ukurasa wa Kumi na Saba

Baba alifuta mikono yenye grisi kwa ukurasa wa kumi na saba wa hesabu zangu, akaukunjakunja, akautupa kwenye pipa la chuma chakavu.

"Samahani, Bibi Makaratasi. Nilidhani ni kitambaa."

Hakudhani hivyo hata kidogo. Miaka kumi na miwili imepita, na uongo ule bado sijamsamehe.

Tulikuwa na mapatano. Nje ya lango la maabara, yeye Baba na mimi mwanawe. Tukishalivuka, yeye Fundi, mkerezaji wa vyuma, na mimi Bibi Makaratasi, mtu wa kukokotoa yale ambayo wenzake watayachonga. Jina hilo alinibandika yeye mwenyewe, na halikubanduka.

Tulikuwa tunatengeneza leza kwa mrija wa shaba wenye tundu katikati. Unautia gesi ya neoni, unapitisha umeme, gesi inawaka na kuwa plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme, na chembe hizo zinaugonga ukuta wa shaba na kung'oa atomi. Shaba hiyo iliyong'olewa ndiyo itoayo nuru. Kazi yangu ilikuwa kutabiri umeme wa kiasi gani utaiamsha nuru kabla mrija haujayeyuka.

Mara tatu nilitabiri. Mara tatu Baba alikereza mrija, wiki nzima kila mmoja, na mara tatu ukayeyuka bila kutoa nuru. Mkuu wa maabara, mama mpole asiyejua kupaza sauti, alituita akasema imebaki shaba ya mrija mmoja. Ukishindikana, chumba chetu kitageuzwa stoo. Baba alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Stoo haikunitisha. Nilichoogopa ni yeye kwenda nyumbani na mirija iliyoharibika kwa kosa langu.

Jumatatu asubuhi aliupasua ule mrija wa tatu kwa msumeno, kwa urefu.

"Njoo utazame, Bibi."

Ukuta ulikuwa umelika katikati, lakini kandokando palikuwa na tuta la shaba mpya, linang'aa.

"Hizi zimetoka hapa," alisema, kidole kikitembea, "zikaja kulala hapa. Kwenye hesabu yako, zinazorudi umeziandika wapi?"

Nilikuwa nimehesabu zinazotoka tu. Kila atomi niliyoing'oa niliiacha ielee kwenye gesi, tayari kwa kazi, kumbe nyingi hurudi ukutani kabla hazijafanya lolote. Miaka miwili ya kujiona, na mtu wa msumeno ameniumbua kwa swali moja! Nikaanza kucheka, naye akacheka.

Nilijikaza kisabuni siku tatu, nikaziandikia atomi zangu njia ya kurudi. Hesabu ikageuka: tundu liwe jembamba, milimita nne, na gesi iongezwe. Nuru ingeamka kwenye ampea ishirini na mbili. Mrija ungeyeyuka kwenye ishirini na tano.

"Ampea tatu," Baba alisema. "Unanipitisha kwenye tundu la sindano."

Lakini alikereza.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, tulivaa miwani ya kinga. Baba alizungusha kitasa cha umeme, mimi nikisoma kwa sauti. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na moja, kimya. Ishirini na mbili, na sindano ya kipima nuru ikaruka.

"Hata ule wa pili sindano iliruka," Mkuu alisema kutoka mlangoni. "Ilikuwa fujo ya umeme tu. Nataka kuiona kwa macho."

Nuru ile ni urujuanimno, jicho haliioni. Lakini karatasi nyeupe ikipigwa nayo hung'aa buluu. Nikanyakua iliyokuwa juu mezani, ukurasa wa kumi na saba ulioandikwa upya, nikaukinga mbele ya mrija.

Nukta ya buluu ikatua katikati ya tarakimu zangu. Ndogo kama punje ya dengu, imetulia tuli.

Nilipiga kelele. Mkuu, yule asiyejua kupaza sauti, alinishinda.

Baba alizima umeme, akaja na mikono yake imejaa grisi. Akaunyoshea ukurasa mkono, akausitisha hewani. Akajifuta kwenye suruali yake, kiganja na mgongo wa kiganja, mara mbili, kisha akaushika kwa ncha ya pembe.

"Hii nipe mimi, mwanangu."

Tulikuwa bado ndani ya lango.