Bondia kwenye Mizani ya Alizeti

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka tisini na saba, foleni ya alizeti pale Sepuka ilikuwa na wakulima kumi na mmoja na bondia mmoja. Wakulima walikaa juu ya magunia yao. Bondia hakuwa na gunia. Alisimama peku, na kaptula nyeupe, na glavu nyembamba zinazoacha vidole wazi, jicho la kushoto limevimba tangu jana yake kwenye banda la video la Calist. Jenereta ilizimika kwa kukosa mafuta kabla kaseti haijaisha, naye akatoka ndani ya runinga. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba, wakampisha kivulini.

Kilichomleta ni ubishi. Kaseti yenyewe ilitoka Arusha, ya wanaume wanaofungiwa ndani ya wavu wakapigana ngumi, mateke, kukabana na kuangushana, na tangu ifike, Sepuka ilikuwa imegawanyika. Simeoni alisema mkali kuliko wote ni Pande la Mtu, wa kilo mia na ishirini, ambaye humaliza kazi kabla hujakaa vizuri kwenye benchi. Laurenti alisema hapana, mkali ni huyu Mdogo aliyesimama hapa foleni, wa kilo themanini.

"Ukitaka kumjua mkali, mpime kilo kwa kilo," Laurenti alisema. "Mpe Mdogo kilo za Pande, uone kama Pande atatoka na meno."

Watu walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Damari, mke wa Simeoni, aliyekuwa akishona midomo ya magunia.

Hapo ndipo penye mambo. Simeoni alikuwa na ng'ombe kumi na wanne na shamba la alizeti kubwa kuliko la yeyote kwenye foleni ile, na alikoelekea yeye wenzake walifuata. Laurenti alikuwa na mbuzi watatu na mdomo. Lakini jioni, Damari akipakua ugali, utasikia Laurenti kasema hivi, Laurenti kasema vile. Alikuwa akirudia vichekesho tu, hapakuwa na lingine. Simeoni alilijua hilo, na wivu ukamla vilevile, kama mchwa alavyo boriti ya tembe: nje nzima, ndani unga.

Laurenti alikuwa na neno lake jingine. Tangu ushirika ufe na wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila msimu alisema mizani ya mnunuzi inaiba. Ushahidi hakuwa nao. Kila Jumamosi saa sita lori la mnunuzi mwingine lilipita barabarani, tupu, likirudi Singida Mjini, na kila Jumamosi Laurenti alisema tupakie tukapime huko. Wakulima wakimtazama Simeoni, Simeoni anatazama pembeni.

Zamu ya bondia ikafika. Mizani ilining'inia katikati ya miti mitatu iliyofungwa kamba juu. Alishika ndoano kwa mikono miwili akakunja magoti. Stefano, karani wa mnunuzi, akasoma kama asomavyo siku zote.

"Sitini na nane."

"Themanini," bondia akasema, bado ananing'inia. "Nimepimwa siku ya pambano, mbele ya daktari."

"Shuka. Panda tena."

Sitini na nane.

Mzee Antipasi alitazama gunia lake, akatazama mizani, akarudi kwenye gunia. Laurenti hakupiga kelele.

"Mmeona wenyewe, ndugu zangu. Mwili wa mtu haudondoshi kilo kumi na mbili njiani kutoka kwa Calist."

Stefano alianza kufuta kioo cha mizani kwa kitambaa. Kwa mbali lori la Singida lilisikika likibadili gia.

Simeoni aliona kama walivyoona wote. Alifikiria magunia yake ishirini na mawili ya mwaka huu, na ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, akayaona mabati yote aliyomwahidi Damari, ambayo mpaka leo hayajafika juu ya nyumba. Alikwisha fungua mdomo aseme pakieni. Ndipo akamwona Damari. Alikuwa akimtazama Laurenti kwa tabasamu ambalo Simeoni alilijua. Mara ya mwisho kulipata yeye ilikuwa siku aliponunua plau.

"Mtu wenu mwongo," Simeoni akasema. "Bingwa gani wa kilo kwa kilo asiyejua kilo zake?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Mtu akasema hao wa kwenye video kuongeza kilo ni kawaida yao. Laurenti alijaribu kujibu, kicheko kikamfunika. Bondia alitazama mikono yake, akaomba radhi. Lori likapita, tupu.

Magunia ya Simeoni yakafuata. Hamsini na moja. Hamsini. Hamsini na moja. Kila Stefano aliposoma, Simeoni aliitikia "Sawa" kwa sauti, foleni nzima isikie.

Damari alikusanya kamba zake, akazikunja moja moja.

"Baba Eliana," alisema polepole, "ungeniambia tu kwamba Laurenti anakuuma, ningenyamaza. Hukuwa na haja ya kumpa Stefano alizeti niliyoipalilia kwa mikono yangu."

"Alizeti ya mwaka huu ni nyepesi," Simeoni akajibu. "Mvua haikutosha."

Bondia alibaki Sepuka. Alipata kazi ya kupakia magunia ya mnunuzi, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemlalamikia. Kwenye kaseti ya Calist, yule aliyekuwa akikabana naye bado anagaagaa ndani ya wavu peke yake, na watu wanaingia kumtazama. Laurenti aliacha kubishana. Ubishi wa nani mkali sasa unaamuliwa na Simeoni, na akitoa neno hakuna anayeongeza, hata Damari, ambaye siku hizi nyumbani hataji jina la mtu yeyote.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha mpaka madaraja yakasombwa. Alizeti ilikuwa nyepesi tena.